Kwa wadogo zangu mnaoanza ulinzi bandarini

Mnaopewa sare mwezi huu, iwe hapa Malindi, Unguja, au kule Mkoani, Pemba, la kwanza nawaambia wewe si polisi. Najua ile redio kiunoni inavimbisha kichwa, ila kwenye kukamata huna la zaidi ya muuza kahawa wa nje ya geti: ukimuona mtu anatenda kosa la jinai mbele ya macho yako unaweza kumshika, kisha unamkabidhi polisi bila kuchelewa, humhoji, humpigi, humfungii.

Mie nilijifunza kwa aibu. Nilimshika hamali na roli mbili za waya wa umeme, nikamuweka kibandani toka alfajiri namsubiri supavaiza, kumbe risiti anazo mwenye mzigo na keshapanda boti. Polisi walipofika wakaniuliza mie, "umemuweka humu toka saa ngapi?" Wallahi jasho lilinitoka.

Nguvu yako ipo getini. Ule utaratibu wa ISPS, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, ulioanza Julai 2004, baada ya yale mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, unataka kila bandari ya meli za kimataifa iwe na mpango wake wa usalama na afisa wake, na ngazi tatu za tahadhari, ya 1 ndo ya kila siku. Kuingia ni kwa masharti, kwa hiyo mtu akikataa kufungua mkoba usimnyang'anye, mwambie haingii, basi, akitaka kugomba agombe na afisa. Mwanamke anakaguliwa na mwanamke mwenzake, hapo sitaki hata mjadala. Magendo nayo yana wenyewe, forodha na KMKM, kile kikosi maalum cha kuzuia magendo, wewe ripoti tu.

Kinachowashinda wengi ni huruma. Anakuja bi mkubwa na pakacha lake, tiketi hana, "mwanangu nipishe, nna maiti Pemba", na wewe roho inakuuma. Kumbuka ile meli ya Spice Islander, Septemba 2011, imetoka hapa hapa Unguja inakwenda Pemba imejaa kupita kiasi, ikazama usiku. Muelekeze dirisha la tiketi, ukiweza muombee apishwe foleni, lakini geti usimfungulie.

Halafu daftari. Andika saa, kilichotokea, na jina la askari uliyemkabidhi mtu, pale pale sio ukifika nyumbani. Mie kalamu nabeba mbili, maana moja lazima iazimwe na isirudi.