Usiione aibu kuanzia Lupanga

Juzi dada mmoja wa Mbagala ameniandikia: "Kaka, natamani sana kupanda milima ila Kilimanjaro mfuko wangu haufiki. Nikianzia Morogoro si nitachekwa?"

Dada yangu, swali lako limenigusa pabaya, maana mimi nilichekwa. Nilipoomba kujiunga na kundi moja la wapanda milima hapa mjini, mwenye kundi aliniuliza nimeshafika kilele gani. Nikataja Lupanga, kile kilele cha milima ya Uluguru kinachoutazama mji wa Morogoro. Akasema, "Huo si tunauona tukiwa kwenye basi?" Watu wakaangua kicheko, na ombi langu halijajibiwa hadi leo. Baadaye nilifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, nikapanda na Mlima Hanang, na bado nasema: ulionifundisha kupanda ni Lupanga.

Hebu tupige hesabu. Kilele cha Lupanga kiko mita 2,138 na mji wa Morogoro uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Ukianzia mjini unapandisha kama mita 1,600 na kuziteremka zote siku hiyohiyo. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza anapandisha kama mita 850 kutoka getini hadi kituo cha Mandara, anakula, analala. Sasa nani wa kumcheka mwenzake?

Mashambani unapita bila tabu. Shughuli inaanza ukiingia msituni. Njia inasimama wima, udongo mwekundu unateleza, na unajikuta unapanda kwa mikono. Mara yangu ya kwanza niliongozwa na mzee wa Kiluguru aliyevaa yeboyebo, panga mkononi. Nilipolidaka tawi nijivute, akanishika mkono: "Mwanangu, shika mzizi. Tawi litakuja na wewe." Akanionyesha: unautikisa mzizi kwanza, ukitulia unaushika chini kabisa, karibu na udongo, ndipo unahamisha mguu. Mguu mmoja ukihama, viungo vingine vitatu vimetulia. Hanang kwenye mawe nilitumia somo hilohilo.

Ukifika juu huenda usione kitu, ukungu mtupu. Usinune. Ukungu huo na mvua zake ndio unaolisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaotupa sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa Dar. Tunaunywa mlima huu kila siku halafu tunaudharau kwa sababu haumo kwenye kalenda za watalii! Vijana wa Dar tumezoea kutaka cheti kabla ya jasho. Mlima haujui umelipa shilingi ngapi kuufikia. Unajua magoti yako tu.

Kwa hiyo jiandae. Dar hatuna mlima, lakini ngazi za ghorofa zipo: panda na kushuka, begi mgongoni lina maji. Unaposhuka usiruke, magoti huumia zaidi wakati wa kuteremka. Jumapili nenda vilima vya Pugu. Viatu viwe na meno, vya bei yoyote. Beba maji ya kutosha na koti la mvua hata kama kunawaka jua. Epuka masika, Machi hadi Mei, njia inageuka utelezi mtupu. Na nasisitiza tena, ngazi, ngazi, ngazi.

Treni ya mwendokasi inakufikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, ila nenda siku moja kabla ulale huko, ili saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshaanza kutembea. Saa saba mchana geuza, hata kama kilele unakiona. Lupanga umo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, kwa hiyo pitia kwanza ofisini kwao upate kibali na mwongozaji. Mwambie mapema kwamba unataka kilele cha Lupanga, maana wageni wengi huishia Morningside au Bondwa, sehemu nyingine za milima hiyohiyo, na anaweza kudhani nawe unakwenda huko.