Hadithi ya shule ya wachawi ianze na fomu ya kujiunga

Mtoto wa Uingereza akisikia neno mchawi huwaza kofia ndefu na fagio. Wa kwetu hapa Uyole, Mbeya, humuwaza jirani, tena anaijua nyumba na anamjua hata mbwa wake. Kwa hiyo ukitaka kuwaandikia watoto wa nyanda hizi hadithi ya kuchekesha kuhusu msichana wa kawaida aliyeingia shule ya wachawi, kazi ya kwanza ni kuuhamisha uchawi kutoka mtaani na kuupeleka mahali penye kengele, paredi na mwalimu wa zamu.

Hadithi ya namna hiyo ninayo. Huwa nawasimulia watoto wa dada yangu likizo ya Juni, wakati baridi imetukusanya wote jikoni, na nimeshaisoma mbele ya darasa zima la watoto wasionijua. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwenye nyuso zao.

Msichana wangu anaitwa Atupele. Ni wa Tukuyu, mama yake anauza ndizi na maparachichi. Hana alama mwilini, hakuzaliwa usiku wa radi, wala hakuna babu aliyemwachia tunguri. Alifaulu darasa la saba kama wenzake, majina yakabandikwa ukutani, na kwa kosa la mwandishi jina lake likaangukia orodha isiyo yake. Basi. Usihangaike kueleza zaidi ya hapo. Mtoto wa Tanzania anajua kwamba jina likishabandikwa limebandikwa.

Halafu inakuja fomu ya kujiunga, na hapa nakushauri ukae muda mrefu. Yangu inataka mwanafunzi afike na ungo mmoja usiotoboka, kaniki mbili, ndoo yenye mfuniko, fyekeo, godoro la futi mbili na nusu, rimu moja ya karatasi na mchango wa dawati. Nilipofika kwenye ungo watoto walinyamaza. Nilipofika kwenye rimu ya karatasi walianguka chini kwa kicheko. Mmoja akauliza, "Mamdogo, wachawi wanaifanyia nini rimu?" Nikamjibu: mitihani. Ikawa kelele tupu.

Ungo wa mchawi wameusikia kwa kunong'onezwa, hivyo unawatia baridi ya mgongo. Rimu ya karatasi wanaijua kwa kuwa kaka zao wamerudishwa nyumbani kwa sababu yake. Ukiviweka vyote viwili kwenye orodha moja, yenye muhuri na sahihi ya mkuu wa shule, ule ungo unapungua ukubwa na kuwa kifaa cha shule kama fyekeo. Ndiyo siri yenyewe, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo: icheke shule. Kila unapohisi sura inaanza kutisha, lete taratibu, zamu, adhabu ya kufyeka na maharage ya jana.

Mfano ni usafiri. Huku kwetu inasemwa kwamba wachawi hupanda fisi. Fisi wa hadithi yangu anapakia abiria kituo cha Kabwe saa sita usiku na haondoki mpaka ajae. Abiria wanamwambia tumechelewa paredi, yeye anasema bado mmoja. Akifika mlimani anagoma kupanda kwa sababu ya utelezi, wote wanashuka kusukuma. Baada ya hapo hakuna mtoto anayemwogopa fisi yule, wanamdai chenji.

Shule yenyewe niliiweka Ngosi, lile ziwa lililo ndani ya kasoko ya volkano kwenye milima ya Uporoto. Mahali pa kweli panasaidia. Waliowahi kupanda wanajua ule msitu, tope na ukungu, na wasiowahi wanataka kwenda. Wazee wana simulizi zao kuhusu maji yale, nami nimeziacha kwa wenyewe. Nilichokopa ni baridi tu, kwa ajili ya wanafunzi kuoga alfajiri. Kitulo pia nimewapeleka, safari ya mafunzo. Mwalimu wa dawa anawaongoza kuchuma maua ya kuchemsha, anasahau kwamba Kitulo, hiyo Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na maua hayachumwi. Wanakamatwa wote. Mwalimu anatoa hirizi kumtisha askari wa hifadhi, askari anaiangalia, anaipindua, anauliza: "Hiki ndicho kibali?"

Sasa niseme jambo ambalo halichekeshi. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, na mauaji yale yalihusishwa na imani za kishirikina. Watu wenye ualbino wamewindwa nchini mwetu kwa imani hizo hizo. Bibi zetu wamepigwa na hata kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo wameyapata kwa kupikia kuni maisha yao yote. Sheria ya Uchawi tuliyorithi kwa mkoloni, ya 1928, mpaka leo imo kwenye vitabu vya sheria. Watoto unaowasimulia wameyasikia mengi ya haya, ama redioni ama nyuma ya mlango. Ukiandika kana kwamba hawajui, hawatakuamini hata kwenye vichekesho.

Kwa hiyo nina makatazo machache ambayo siyavunji. Hakuna mzee mwenye macho mekundu kwenye shule yangu. Walimu wote ni vijana nadhifu wenye tai na kalamu nyekundu. Hakuna mtoto mwenye ualbino anayefanywa kiumbe cha ajabu. Akiwepo, ni kiranja wa michezo na ana kofia pana kwa ajili ya jua. Hakuna anayekufa, hakuna damu, hakuna kiungo cha mtu kwenye chungu chochote. Vyungu vyangu vina makande. Tena simtaji mchawi yeyote wa kijiji chochote kilicho na jina kwenye ramani. Unaweza kuniona mwoga. Mimi naona kwamba mtoto akitoka kwenye hadithi yangu na kuanza kumwangalia bibi wa jirani kwa jicho la pembeni, hadithi imekuwa mbaya, hata kama alicheka.

Kuhusu wazazi: watakuja. Mbeya ni mji wa makanisa, na mama mmoja alinifuata kuuliza kwa nini nawafundisha watoto uchawi. Sikubishana naye. Nilimwomba akae nyuma asikilize. Kwenye sura ya somo la kupaa aliziba mdomo kwa khanga. Wasikilizishe wazazi kabla hawajahadithiwa na mtu mwingine, utapunguza nusu ya lawama.

Hiyo sura ya kupaa ndiyo inayobeba hadithi yote. Nyungo za wenzake zinanyanyuka. Wa Atupele, ulionunuliwa sokoni Mwanjelwa kwa kupunguziwa bei, unakaa pale pale na pumba zake. Mwalimu anamtoa nje ya mstari, anampeleka jikoni kama adhabu. Huko anakuta gunia la mchele limejaa mawe, kwa kuwa shule nzima hakuna anayejua kupeta. Tangu shule ifunguliwe nyungo zimetumika kupaa tu. Jumapili hiyo, kwa mara ya kwanza, wachawi wanakula wali bila kuvunjika jino.

Hapa utashawishika. Utatamani Atupele agundue kwamba kumbe ana nguvu kubwa kuliko wote. Niliwahi kuwauliza watoto kama tumpe nguvu, wakakataa kwa pamoja, na mdogo wao alikaribia kulia. Muache awe wa kawaida mpaka ukurasa wa mwisho. Wanaosikiliza hawapai, wanapeta mchele, wanachota maji, wanashika namba za katikati darasani. Ukimpa nguvu unawanyang'anya mwenzao.

Soma kwa sauti kabla hujachapa chochote. Palipo na maelezo marefu mtaona wenyewe, watoto wanaanza kuvutana nywele. Mimi nilifuta sura nzima ya historia ya shule, haikuwa na kazi. Paka anayedai shikamoo kutoka kwa kila anayepita alikuwa mstari mmoja tu. Wao ndio waliomkuza, sasa ana ofisi.

Na usikose siku ya wazazi kutembelea shule. Mama yake Atupele anafika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani. Mkuu wa shule anamkaribisha kiti, anafungua jalada, anakohoa, anamwambia kwa masikitiko: "Mama, mtoto wako ana nidhamu, lakini hawezi kuroga hata sisimizi." Mama anapiga magoti pale pale ofisini na kumshukuru Mungu kwa sauti, mpaka bundi wa zamu anaamka. Mkuu wa shule anabaki na kalamu hewani, hajui aandike nini kwenye ripoti.