Mgeni akiandika "put off", usikimbilie kufuta safari

Ninyi mnaoanza kazi kwenye ofisi za utalii Moshi na Arusha, barua pepe zitakazowasumbua si zile zenye Kiingereza kigumu. Ni zenye vineno vifupi. "Put" unakijua, "off" unakijua, vikikaa pamoja vinasema jambo jingine.

Tuanze na maana inayogusa pesa. Mgeni akiandika "We have to put off our climb until June", anaahirisha. Kilimanjaro bado anaitaka, ila pengine amesikia habari za masika ya Machi hadi Mei na hataki kupanda huku amelowa. Habari za kurudisha malipo hazijafika hapo. Thibitisha tarehe mpya, kisha uwaarifu waongozaji na wapagazi. Anayefuta kabisa huandika "cancel" au "call off".

Kwenye kujibu ndiko wengi huteleza. Kitendo kikifuata, huchukua "-ing": "put off going", si "put off to go". Ukitaja safari kwa jina, "put off the trip" na "put the trip off" zote sawa. Lakini "it" lazima ikae katikati: "We can put it off". Ukiandika "put off it", mgeni atakuelewa, ila atajua hujazoea. Kwa wakala wa ng'ambo mimi hupendelea "postpone", ni rasmi zaidi na "it" yake hufuata nyuma bila matata. Kwenye WhatsApp, "put off" inatosha.

Sasa sikiliza hii: "The reviews put us off." Hapa hakuna tarehe inayosogezwa. Maoni waliyosoma yamewakata hamu. Ukiwajibu kwa kuwauliza wanataka mwezi gani, utakuwa umewathibitishia waliyoyasoma. Ndiyo maana natazama kwanza nani au nini kimetajwa pamoja na "put". Ikiwa ni safari au mkutano, fikiria kalenda. Ikiwa ni mtu, "me", "us", "my wife", fikiria hamu iliyokatika: harufu ya choo cha kambini, bei, hata lugha ya dereva.

Ila kuna "You keep putting me off." Mtu katajwa, na hamu bado anayo. Analalamika kwamba unampiga danadana, kila akiuliza unamwambia kesho. Hapo achana na sarufi, mpigie simu leo, na umpe jibu hata kama ni hapana.