Wenye Matangi Mapya ya Samaki, Acheni Kusugua

Vijana wanaoanza kufuga samaki uani hawaniulizi namna ya kuanza, kwani tangi wameshalinunua na vifaranga wameshavitia. Huniuliza kwa nini samaki wamekufa. Jawabu nimelitoa mara nyingi kwa mdomo, na kila mmoja huitikia kwa adabu, kisha akaenda kufanya yale yale. Sasa naliandika.

1. Chombo. Pipa la lita 200, tangi lililokatwa au friji kuukuu iliyolazwa chali, vyote vinafaa mradi havikuwahi kutiwa dawa wala mafuta ya mashine. Birika jipya la saruji lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya samaki kuingia, maana chokaa inayotoka humo hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ya maji; ikipanda, magadi ndiyo yamezidi. Litafutieni kivuli cha mchana, ila si chini ya mwembe, labda kama mnapenda kuzoa majani.

2. Maji. Ya mfereji yaachwe wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Kuhusu kisima, sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hivyo maji ya visima vyetu vingi ni magumu na pH yake iko juu. Perege hana ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba pH na joto vinapopanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki huwa katika hali yake ya sumu.

3. Usafi. Hapa, wanangu, nitakaa kidogo. Ilikuwa wiki ya Sikukuu na wageni walitarajiwa. Perege wangu walikuwa wameshafikia kiganja, maji yalikuwa ya kijani, na kuta za tangi zilikuwa na utelezi. Shangazi yangu, ambaye neno lake nyumbani ni amri, akauliza kama wageni watanyweshwa kahawa kando ya kinamasi. Nikawahamishia samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kuta kwa kumbi la nazi na mchanga, na sifongo ya pampu nikaikamua chini ya mfereji mpaka ikawa nyeupe. Nikajaza maji ya kisima. Tangi liling'ara, Shangazi akaridhika, na watoto wa wageni wakaruhusiwa kulisha samaki kila walipotaka. Baada ya siku chache samaki wakaanza kutweta pembezoni, mashavu yao yamekuwa mekundu. Mimi nikadhani ni njaa, nikaongeza pumba. Shangazi akasema ni jicho la wageni, na nakiri kwamba maelezo hayo yalinipendeza, kwa kuwa yaliniondolea lawama. Hakubaki hata mmoja.

Ule utelezi ndio makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Kundi lao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga upya, na mimi niliwafuta asubuhi moja, kisha nikaongeza chakula, yaani nikaongeza amonia, ndani ya maji yenye pH ya juu. Dawa ingekuwa kuacha kulisha na kubadilisha sehemu ya maji kila siku. Basi badilisheni robo kwa wiki, sifongo isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, na mwenye tangi jipya aombe sifongo kuukuu kwa jirani.

4. Chakula. Kile wanachokimaliza kwa dakika chache, basi.

5. Hewa. Ukiwaona wanapumulia juu alfajiri, ujue ukijani umekula oksijeni usiku kucha. Pampu inasaidia, lakini sisi tuliokuwepo Unguja katika giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuwezi kuukabidhi umeme roho za samaki. Punguzeni idadi, na chagueni chombo chenye mdomo mpana kuliko chenye kina.

6. Uzazi. Jike la perege hulea mayai mdomoni, na asiyetenganisha majike na madume hujikuta na vitoto visivyokua kwa kubanana. Perege wa kwetu, kwa taarifa yenu, ana historia: mwaka 1960 Hickling, mtaalamu wa samaki Mwingereza, alieleza kazi yake ya Malacca, katika Malaysia ya leo, ambako madume wa asili ya Zanzibar walipopandishwa kwa majike wa perege wa Msumbiji walizaa madume watupu. Nyinyi hamhitaji kufika huko. Wachache wadogo wanatosha, na viluwiluwi vya mbu watavimaliza.

7. Kunguru na masika. Funikeni kwa kipande cha nyavu kuukuu. Toboeni tundu la kutolea maji karibu na ukingo, mlizibe kwa nyavu hiyo hiyo, kabla ya Machi; vinginevyo mvua ya usiku mmoja itajaza tangi, na asubuhi samaki mtawaokota uani kabla paka hawajaamka, kama mna bahati.