AI iwape fomula ya media ya kukuzia seli bila majaribio? Msikubali

Swali: Habari mtaalamu. Tuna maabara ndogo, tunakuza seli za misuli ya ng'ombe kwa ajili ya nyama. Kwenye flaski zinakua vizuri ila tukizihamishia kwenye tenki la lita 5 zinadoda baada ya siku chache. Media, yaani kimiminika cha kulishia seli, nayo inatumaliza kwa gharama. Kuna kampuni inatuuzia programu ya AI, wanasema tukiwapa rekodi zetu za miaka miwili watatupa fomula isiyo na seramu (majimaji yanayotolewa kwenye damu ya mnyama), ya bei rahisi, na hatutahitaji majaribio zaidi. Tununue?

Jibu: Hapana, msinunue hiyo. AI yenyewe ina kazi kubwa sana kwenye nyama ya maabara na mimi naitumia, ila hayo maneno "hatutahitaji majaribio" ndo yananiumiza kichwa, nayasikia kila mara na kila mara kuna maabara imeshalipa hela kabla ya kuuliza.

Piga hesabu kidogo. Media yenye viambato 20, kila kimoja ukijaribu viwango vitatu tu, inakupa michanganyiko zaidi ya bilioni 3.4. Hakuna maabara itakayoipima yote, na hapo ndo AI inafaa kweli: unapima michache, modeli (yaani hiyo programu ya AI iliyojifunza kwa data zako) inakadiria iliyobaki na inakuonyesha wapi haina uhakika, unaenda kupima hapohapo, unairudishia majibu, inachagua mingine. Raundi chache zikipita unakuwa umefika mbali kuliko kubadilisha kiambato kimoja kimoja. Lakini ukitoa kupima, kilichobaki ni kubahatisha tu.

Sasa hizo rekodi za miaka miwili. Ziliandikwa na watu waliokuwa wanakuza seli, siyo waliokuwa wanafundisha modeli, na hiyo tofauti ni kubwa. Nikifungua rekodi za namna hii nakuta walipobadilisha seramu ndo hapohapo walipotoa seli changa kwenye friza, matokeo yakapanda, sasa hujui sifa ni ya seramu au ni ya ujana wa seli. Seli za kawaida zinazeeka, mwanabiolojia Leonard Hayflick alishaonyesha tangu 1961 kwamba zinagawanyika mara kadhaa alafu zinaacha, lakini modeli usipoiambia umri wa seli itaipa seramu sifa zote na wewe utaenda kununua seramu hiyo. Na yale majaribio yaliyofeli yako wapi? Mara nyingi hayakuandikwa, mtu alimwaga akaanza upya. Modeli ambayo haijawahi kuona kufeli haiwezi kukuonya.

Kingine, na hiki hata watu waliosoma sana wanakipuuza, ni kile unachoiambia modeli itafute. Maabara nyingi zinapima kwa rangi inayobadilika kadiri seli zinavyochakata chakula, kwa sababu ni haraka na ni rahisi, alafu wanaiita idadi ya seli. Siyo idadi! Seli chache zenye pilikapilika nyingi zinaweza kutoa rangi ileile ya seli nyingi zilizotulia, kwa hiyo AI itawatengenezea media inayopendeza rangi. Na hata mkihesabu vizuri bado kuna mtego, manake seli ya misuli inayoendelea kugawanyika haijawa misuli, lazima ifike mahali iache kuzaliana, ijiunge na wenzake itengeneze nyuzi. Mkiiambia modeli "nipe seli nyingi" na mkaishia hapo, inaweza kuwapa tenki limejaa seli zisizotaka kuwa nyama.

Kuhusu tenki lenu, hiyo siyo shida ya fomula kwanza. Flaski haina mapanga ya kukorogea wala mapovu yanayopasuka na kuzichana seli. Pimeni oksijeni kila siku, pamoja na laktati, amonia na kabonidioksidi ambazo ni uchafu wa seli, na mwangalie sana glutamini, chakula kimojawapo cha seli, kwa sababu kwenye nyuzi joto 37 inajivunja yenyewe na kutoa amonia hata kama seli hazijaigusa. FGF2, protini inayozihimiza seli zigawanyike, nayo inakufa haraka kwenye joto hilo, ila siku hizi kuna aina zilizobuniwa kwa msaada wa kompyuta zinazodumu siku kadhaa, na hiyo ni faida ya kweli ya hizi teknolojia, mtu alibuni kwa kompyuta alafu akaenda kupima. Modeli iliyofundishwa kwa data za flaski haijui lolote kuhusu mapovu.

Tangu mwanasayansi wa Uholanzi Mark Post alipoonyesha baga yake ya nyama ya maabara London mwaka 2013, iliyogharimu kama euro 250,000, kila mwenye kitu cha kuuza anajua maabara zinaumia wapi, ni kwenye bei. Kwa hiyo wanakuja na grafu nzuri, wanakuja na fomula za seli shina za binadamu wamezibandika jina la ng'ombe, wengine wameiuliza programu ya kuchati ikawapa orodha ya viambato na viwango vyake kwa kujiamini kabisa. Hii ni kitu watu watakula jamani. Singapore ilipoidhinisha kuku wa namna hii mwaka 2020, na Marekani mwaka 2023, wakaguzi walitaka kujua seli zimetoka wapi na zimekuzwa vipi. Siku mkiulizwa kwa nini kiambato fulani kimo, "programu ilisema" halitakuwa jibu.

Kama bado mnawataka hao jamaa, chukueni fomula tano au sita ambazo mmeshazijaribu kwenye tenki na majibu mnayo, wapeni fomula bila majibu, watabiri kwa maandishi seli zitafika ngapi siku ya tano na amonia itakuwa kiasi gani. Wakikataa, au wakitaka waone majibu kwanza, msisaini.