Lamineti moja kwa nyumba nzima?

Dada, umeuliza kama lamineti (mbao za kutandaza sakafuni) ya daraja la AC3 itafaa nyumba yako yote huko Entebbe: sebule, vyumba vya kulala, jiko na bafu. Vyumba vya kulala inatosha kabisa, mnapita peku na si mara nyingi. Bafuni usiiweke, weka vigae.

Sebule ndiyo ya kufikiria sana. Alama ya AC huonyesha jinsi uso unavyostahimili kusuguliwa, namba ikipanda ndivyo unavyostahimili zaidi, na vumbi letu jekundu linaloingia na viatu husugua kama msasa. Umesema una watoto watatu na mlango unafungukia uani moja kwa moja, basi chukua AC4. AC5 hutengenezwa kwa maduka na ofisi, usilipie bure. Na tafadhali weka kizulia cha kufutia miguu mlangoni.

Jikoni ndiko ninakokuhofia. AC haisemi lolote kuhusu maji. Ndani ya ubao ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa, na maji yakipenya kwenye maungio, kingo huvimba na hazirudi tena. Kwangu mtungi ulivuja usiku mmoja tu, nikang'oa mbao sita. Jikoni nako weka vigae.

Fundi asitandaze juu ya saruji ambayo haijakauka. Atangulize nailoni ya kuzuia unyevu, aache nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta zote, maana mbao hutanuka, na unyevu wa ziwa mnaujua wenyewe. Pakiti zikae chumbani saa 48 kabla ya kazi kuanza.