Baba mkwe na toni za Kikantoni

Dada, umeuliza kwa nini baba mkwe wako wa Hong Kong, aliyeondolewa zoloto (kisanduku cha sauti kooni), haeleweki akiongea Kikantoni, ilhali akitumia Kiingereza chake cha kuokoteza mnamwelewa. Mchawi ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Kikantoni kina toni 6: silabi “si” yaweza kuwa shairi, historia, kujaribu, wakati, soko au jambo. Kile kifaa cha betri cha kubandika shingoni anachoongelea sasa hutoa mvumo wa kiwango kimoja, basi zote sita zinafanana. (Kiswahili chetu, kisicho na toni, kingemsamehe.)

Muulizeni mtaalamu wa matamshi kuhusu kifaa cha upepo. Ni mrija unaotoka kwenye tundu la shingoni analopumulia hadi mdomoni, na ndani mna utando wa mpira unaotikiswa na pumzi yake mwenyewe. Akisukuma kwa nguvu sauti hupanda, akilegeza hushuka. Sura yake si nzuri, lakini toni zinarudi. Vali ya kupitisha pumzi kwenye umio (njia ya chakula) nayo husaidia, ila hiyo ni kazi ya daktari mpasuaji.

Kwa sasa aseme sentensi nzima, polepole. Neno likiwa peke yake mtabahatisha tu.